Kuweka Nywila kwa Hashi kwenye Akaunti za Kusimamia Seva kwa Mbali

Ndani ya seva nyingi mna kompyuta ndogo yenye anwani yake ya mtandao, ambayo humwezesha msimamizi kuiwasha seva, kuizima na kuona kioo chake hata mfumo endeshi ukiwa umekwama. Kwenye seva za Dell sehemu hiyo huitwa iDRAC. Mwenye akaunti yake ya usimamizi ndiye mwenye seva nzima, na kwa sababu hiyo ni hatari kubwa kuiacha nywila yake ikiwa wazi ndani ya skripti ya usanidi, kwa kuwa skripti hunakiliwa kwenye hifadhi ya msimbo, barua pepe na chelezo ambazo baadaye hakuna anayekumbuka zilipo.

iDRAC hukubali kupewa hashi ya SHA-256 badala ya nywila yenyewe. Hashi ni matokeo ya hesabu isiyorudi nyuma, yenye herufi 64 za heksadesimali. Mtumiaji huendelea kuingia kwa nywila yake ya kawaida. Kinachobadilika ni kile tu unachokiandika kwenye skripti.

Usitengeneze hashi bila chumvi, yaani baiti 16 za kubahatisha zinazounganishwa mwishoni mwa nywila kabla ya hesabu. Bila chumvi, akaunti mbili zenye nywila moja huwa na hashi moja, na majedwali yaliyokwisha kukokotolewa huifichua nywila nyepesi mara moja. Kwenye Linux, ukitumia Bash, andika:

CHUMVI=$(openssl rand -hex 16)
read -rs NYWILA
( printf '%s' "$NYWILA"; printf '%s' "$CHUMVI" | xxd -r -p ) | sha256sum
echo "$CHUMVI"
unset NYWILA

Amri ya read hupokea nywila bila kuionyesha kwenye kioo wala kuiacha kwenye kumbukumbu ya amri. Nimetumia printf kwa makusudi, kwa sababu echo ya kawaida huongeza alama ya mstari mpya, na alama hiyo moja isiyoonekana hutoa hashi tofauti kabisa: akaunti itaikataa nywila iliyo sahihi, nawe utatafuta kosa mahali ambapo halipo. Zingatia pia kwamba xxd huigeuza chumvi kuwa baiti halisi kabla ya hesabu, ingawa iDRAC yenyewe hupewa chumvi hiyo katika heksadesimali.

Sasa weka thamani zote mbili kwa racadm, zana ya amri ya kusanidi iDRAC. Hapa natumia nafasi ya 4 kwenye orodha ya watumiaji wa iDRAC, nikichukulia kwamba akaunti imekwisha kuundwa:

racadm set iDRAC.Users.4.SHA256Password <hashi>
racadm set iDRAC.Users.4.SHA256PasswordSalt <chumvi>

Jaribu kuingia kupitia ukurasa wa wavuti wa iDRAC huku akaunti nyingine ya usimamizi ikiwa bado inafanya kazi. Ukijifungia nje ya akaunti zote, itakubidi urudi kwenye seva yenyewe na kurejesha mipangilio ya awali.

Akaunti iliyowekewa hashi ya SHA-256 peke yake haitaweza kuingia kupitia IPMI (itifaki ya zamani ya kusimamia seva kwa mbali) wala SNMPv3 (itifaki ya kufuatilia hali ya vifaa vya mtandao). Itifaki ya IPMI 2.0 huhitaji kifaa kikokotoe kwa kutumia nywila yenyewe, na udhaifu uliosajiliwa kama CVE-2013-4786 humruhusu mtu anayejua jina la mtumiaji kuchota, kabla hajaingia, jibu analoweza kwenda kulivunja kwa utulivu kwenye mashine yake. Kwa maoni yangu, kuipoteza IPMI hapo ni faida, mradi uwe umekwisha kuhamishia zana zako kwenye Redfish, kiwango kipya zaidi cha kusimamia seva, kupitia HTTPS.

Hata hivyo SHA-256 ilibuniwa iwe ya haraka, tofauti na bcrypt au yescrypt, kanuni za hashi za nywila ambazo zimefanywa nzito makusudi. Chumvi huzuia majedwali, lakini haimpunguzii kasi anayebahatisha nywila moja baada ya nyingine, na kadi ya grafiki hujaribu mabilioni kwa sekunde. Kwa hiyo nywila isitungwe na mtu: amri ya openssl rand -base64 15 hutoa herufi 20 zinazotosha. Ipe kila seva nywila yake na chumvi yake, uzihifadhi nywila hizo katika programu ya kutunza siri, na faili lenye hashi lisomwe na mwenye nalo peke yake, kwa ruhusa ya 600.