Namna ya kutafsiri filamu ya wafungwa wanaochezeshwa mchezo wa kifo

Mdogo wangu unayetaka kushika maiki na kuwatafsiria watu filamu kwa Kiswahili inapoonyeshwa kwenye banda la video hapa Dodoma, anza na kazi isiyo na sauti. Itazame filamu yote peke yako mchana, banda likiwa tupu, daftari likiwa mkononi. Filamu za wafungwa wanaotupwa uwanjani kuwindwa zina kanuni zake, na mtu wa Chang'ombe au Nkuhungu aliyekuja baada ya kufunga genge lake hataki kuelezwa kanuni wakati damu imeshaanza kumwagika. Ziandike kabla: nani anawinda, kwa silaha gani, mfungwa akishinda anaahidiwa nini, nani anafaidika.

Nakufundisha kwa The Running Man ya 1987, ile ya Arnold Schwarzenegger. Ipo nyingine ya 2025 ya Glen Powell, na humo mhusika mkuu, Ben Richards, si mfungwa. Anaingia mchezoni kwa sababu mwanawe anaumwa. Kagua flashi kabla hujatangaza mtaani.

Maneno ya mwanzo kwenye skrini yasome yote, taratibu. Yanasema uchumi wa dunia umeanguka kufikia 2017, chakula ni haba, na runinga iko mikononi mwa serikali. Lazima kijana mmoja atapaza sauti kwamba 2017 mbona tulikuwepo. Mjibu kwa sentensi moja, kwamba waliotengeneza walikuwa 1987 wakiwaza miaka thelathini mbele, kisha songa.

Sasa inakuja helikopta, na hapa ndipo ninapotaka uweke nguvu zako zote. Richards ni rubani wa polisi. Chini, Bakersfield, California, watu wasio na silaha wameandamana kwa njaa. Anaamriwa awapige risasi, anakataa, wenzake wanamdhibiti na kuwapiga wao. Acha mbwembwe. Tumia sauti yako ya kawaida: "Wanataka chakula tu. Anasema hapigi." Rudia "hapigi" mara moja, nyamaza. Ugogoni njaa ya Mtunya, ya 1917 hadi 1920, bado inatajwa kwa jina lake, kwa hiyo huna haja ya kuwafafanulia watu wa huku kwa nini mwenye njaa huingia barabarani. Tukio hili linapita haraka, na watafsiri wengi wanalipitia huku bado wanatangaza jina la mwigizaji. Mtazamaji akilikosa, filamu nzima kwake itakuwa ni jitu lenye misuli linaua watu.

Baada yake ni kambi ya kazi ngumu. Wafungwa wamefungwa kola shingoni, na ukivuka mpaka kabla mitambo haijazimwa, kola inalipuka. Sema kanuni hiyo mapema, maana kuna mmoja atakimbia kabla ya wakati. Watoto wawe wameshatoka bandani tangu mwanzo. Kule Marekani filamu hii iliwekewa alama R, asiyefika miaka 17 haingii bila mzazi au mlezi, na sisi hatuna sababu ya kuwa walegevu kuliko wao.

Kuna jambo jingine hapo kambini. Dodoma tunaishi jirani na Gereza la Isanga. Katika benchi lolote anaweza kuwepo mtu mwenye kaka yake ndani, au aliyetoka mwenyewe. Usiwaite wafungwa wa kwenye filamu majina ya kudhalilisha ili watu wacheke. Waite kwa majina yao: Richards, Laughlin, Weiss. Watu wataanza kuwahesabu kama binadamu, na Laughlin na Weiss wakifa bandani kutaumia.

Halafu runinga inaonyesha ule mkanda wa Bakersfield ukiwa umekatwa na kuungwa upya, Richards akionekana ndiye aliyeua. Ukitafsiri kwa mkato, utasema "aliua", nawe utakuwa umeusaidia uongo. Sema "runinga inasema aliua", "wanamwonyesha akiua". Fanya hivyo kila mtangazaji anapofungua kinywa. Na mwangalie Amber, yule dada anayefanya kazi kwenye kituo cha runinga: anasikia habari kwamba Richards aliua watu uwanja wa ndege, na yeye alikuwepo, hakuona mtu akiuawa. Hapo punguza kasi. Yeye ndiye anayefungua macho kwa niaba ya benchi zima.

Mshereheshaji wa mchezo wenyewe, ule wa runinga ambamo wafungwa wanawindwa, ni Damon Killian, naye ndiye kazi ngumu kwa koo lako. Richard Dawson aliyemwigiza alikuwa kweli mshereheshaji wa shindano la runinga Marekani kwa miaka mingi, ndiyo maana tabasamu lake linatisha. Usimpe sauti ya jambazi. Mpe sauti ya MC wa harusi anayependwa, nyororo, sogea karibu kabisa na maiki. Richards mpe maneno machache, ukiwa umerudi nyuma kidogo. Umbali wa mdomo na maiki unatofautisha watu vizuri kuliko kubana koo, na hautakuchosha kabla ya mwisho. Sauti ya filamu yenyewe iteremshe unaposema, ipandishe unaponyamaza.

Wawindaji waeleze kwa silaha. Buzzsaw ana msumeno wa mashine, Fireball anarusha moto, Dynamo anaimba opera huku akirusha umeme. Opera usiiige, iache isikike. Kwa Subzero taja barafu kwanza, maana kwenye skrini ndogo inafanana na sakafu ya saruji na watu hawataelewa kwa nini wanateleza. Wanaobeti barabarani, sema wanaweka mkeka. Vijana wa bodaboda wataelewa papo hapo. Bibi mmoja ukumbini anamchagua Richards. Usimsahau bibi.

Subzero akifa, ukumbi wa Killian unapigwa butwaa. Hawajawahi kuona mwindaji akifa. Nyamaza pamoja nao. Vumilia hata kama mkono unawasha.

Na Dynamo akiwa amenasa ndani ya gari lililopinduka, watu wanataka auawe. Richards anakataa kumuua mtu asiyeweza kujitetea. Hapo lirudishe lile neno la helikopta, kwa sauti ileile: "Hapigi." Usiongeze maelezo. Bandani utasikia wenyewe wakimalizia, kwamba hata kule juu alikataa. Hilo ndilo ninalolitafuta mimi katika kutafsiri, kuliko makofi yote ya milipuko.

Mifupa ya washindi wa zamani, wale waliotangazwa kuwa wako ufukweni wanakula maisha, ieleze kwa sentensi moja, picha inatosha. Mwisho Killian naye anatupwa kwenye kiti cha roketi, kile kinachowapeleka wafungwa uwanjani, na ukumbi unashangilia. Waambie watu wako kwamba wanaoshangilia ni walewale waliokuwa wanadai damu ya Richards saa ileile.

Ukitaka kurekodi tafsiri yako uiuze, tafuta kwanza ruhusa ya mwenye filamu, na uende Bodi ya Filamu. Na mtu akikuuliza mlangoni kama mambo hayo yalitokea, mwambie ni hadithi ya kubuni, imetokana na kitabu cha 1982 ambacho Stephen King alikitoa kwa jina la Richard Bachman.