Somo: Kumrekebisha askari wa tawi jingine bila kumvunjia heshima

Wadogo zangu mlioingia jeshi la Marekani kwa grini kadi, wengi wenu mtapangiwa kambi zenye matawi mchanganyiko: San Antonio kule Texas, Lewis-McChord jimboni Washington, au hata Camp Lemonnier, Djibouti, inayosimamiwa na Wanamaji (Navy) tangu 2006. Huko ndiko ugomvi wa kurekebishana unakozuka.

Hatua ya 1: Hakikisha kwake ni kosa. Hapa ndipo wengi wanapoteleza. Wewe wa Nchi Kavu umekatazwa kutembea mikono ikiwa mfukoni. Jeshi la Anga liliruhusu jambo hilo mwaka 2021. Wewe ukiripoti kwa afisa ofisini unapiga saluti hata bila kofia. Marini (askari wa Marine Corps) na Mwanamaji hawapigi saluti vichwa vikiwa wazi, na hawajamdharau mtu. Kama hujui kanuni ya tawi lake, nyamaza kwanza, kaulize.

Hatua ya 2: Mwite kwa cheo chake, kwa desturi ya kwao. Staff Sajenti wa Nchi Kavu huitwa "Sajenti" tu. Wa Marini mwite "Staff Sajenti", cheo kizima. Ukikikata umemkosea kabla hujaanza. Kapteni wa Wanamaji analingana na Kanali wa Nchi Kavu, basi usimchukulie kama kapteni wa kombania yako.

Hatua ya 3: Mvute pembeni. Msalimu, sema jambo moja, kwa sauti ya chini: "Samahani Sajenti, nembo yako ya bega imelegea." Kumfokea mbele ya vijana wake ni kumvua nguo, na hilo hasahau.

Hatua ya 4: Akikataa, usibishane. Peleka kwa mkubwa wake wa kazi.

Usalama hauna hatua hizi. Mtu akielekea kwenye pangaboi la ndege, au mtutu wa bunduki ukiwaelekea watu, piga kelele hata kama ni jenerali.

Maswali ya wanachama

*Shikamoo kaka. Mimi ni private tu, askari wa cheo cha chini kabisa. Nikiona afisa wa Wanamaji amebandika cheo upande mmoja kimepinda, nitathubutu?*

Marahaba. Thubutu. Mpe saluti kama mko nje, kisha mwambie kama anayempa habari: "Sir, cheo chako cha kushoto kimepinda." Afisa wa maana atashukuru, maana angeingia nacho kikaoni.

*Niko Jeshi la Anga. Staff Sajenti wa Marini alinigombeza kantini kwa sababu ya msuko wangu kuning'inia mgongoni. Nilikaa kimya, lakini niliumia sana.*

Pole sana dada. Tangu Februari 2021 tawi lako linaruhusu msuko mmoja au miwili ining'inie, mradi isipite urefu uliowekwa, kwa hiyo hukuwa na kosa. Kukaa kimya mbele ya watu hakukukupunguzia kitu, ila ungeweza kujibu: "Ndiyo, Staff Sajenti. Kanuni za tawi langu zinaruhusu." Halafu mweleze msimamizi wako siku hiyohiyo. Yeye ndiye wa kuzungumza na Marini huyo, sajenti kwa sajenti. Usimfuate peke yako, na usiufumue msuko wako kwa kuogopa watu.