Trekta ndogo imefika: ianze taratibu

Mvua za Novemba zinakaribia, na aliyeshushiwa trekta yake ndogo jana kwenye barabara ya Kipushi anataka leo hii ilime. Siku ya kwanza trekta ibaki uani. Mwenyewe aingie shambani kwa miguu, na fungu la vijiti vyenye vitambaa vyekundu, akachomeke kila penye kisiki kilichojificha kwenye majani.

Halafu vichuguu. Huku Lubumbashi vingine vinapita mita tano, na kwa kuwa udongo wake una rutuba, mtu anatamani kulima hadi ubavuni. Kwa jembe, sawa. Trekta ndogo ni nyembamba na uzito wake uko juu: gurudumu moja likipanda mguu wa kichuguu, lingine likiwa mtaroni, inalala ubavu kabla shofere hajakanyaga breki. Zunguka mbali, hatua hizo chache zilime kwa mkono.

Upinde wa chuma nyuma ya kiti, ule wa kukukinga trekta ikipinduka, wengine huulaza wapite chini ya mwembe, kisha wanasahau kuusimamisha. Upinde ukiwa umesimama, funga mkanda. Upinde ukiwa umelala, usifunge, maana trekta ikipinduka mkanda utakushikilia chini yake.

Kisiki usikivute kwa mnyororo uliofungwa juu ya ekseli ya nyuma. Mbele itanyanyuka, na trekta ikugeukie kinyumenyume kwa kufumba na kufumbua. Fungia kwenye ndoano ya chini tu. Mimi ningekichimba.

Shafti ya nyuma inayoendesha mashine ya kufyeka huzunguka mara 540 kwa dakika, yaani mara 9 kwa sekunde. Ncha ya kitenge ikiguswa tu, nguo na mwenye nguo vinakwenda pamoja. Kifuniko chake kisitolewe, na majani yakikwama, zima injini kwanza. Mtoto asipandishwe kwenye bawa la gurudumu, hata akilia.

Ukiingia barabarani, unganisha pedali mbili za breki kwa kile kikomeo chake. Ukikanyaga moja peke yake ukiwa kwenye mwendo, trekta inageuka ghafla.

Injini mpya usiilemee, wala usiiache ikinguruma bure kivulini. Trekta nyingi hizi hutaka oili ya kwanza ibadilishwe saa 50 zikitimia; kitabu chake kitasema, na kikiwa cha Kiingereza mtafute wa kukusomea. Nati za magurudumu zikaze jioni ya siku ya kwanza, zikaze tena kesho yake.