Kinyama Kikishakatwa: Kumsindikiza Mgonjwa Hadi Majibu ya Saratani Yatoke

Mahali pa hatari zaidi ni pale kati ya siku ya kukatwa kinyama, yaani kipande kidogo cha uvimbe kinachopimwa maabara, na siku ya kusomewa majibu. Mama kaja kwa meli kutoka Nansio, kakatwa kinyama hospitali ya Bugando, Mwanza, karudi Ukerewe kuanika dagaa, na simu yake haina chaji. Majibu yanatoka, yanalala kwenye faili, huku uvimbe unakua. Basi kazi ya kwanza ya msindikizaji ni daftari. Andika namba ya faili, namba ya maabara, tarehe, sehemu iliyokatwa, na simu mbili: ya mgonjwa na ya ndugu anayeishi Mwanza mjini.

Kabla ya siku ya kukatwa, ongea naye kuhusu kisu. Vijijini wanasema uvimbe ukiguswa saratani inasambaa, na wengine hutoroka wodini kwa maneno hayo. Mweleze kwamba kwa uvimbe mwingi daktari hawezi kuchagua dawa bila kujua ni saratani ya aina gani, na kinyama ndicho kinachosema. Mwambie pia daktari dawa zote anazotumia, hasa aspirini na wafarini, maana huongeza kutokwa damu. Msizikatishe wenyewe.

Wakati mwingine ndugu hukabidhiwa chupa apeleke maabara. Usiipokee kabla ya kuikagua. Iwe na mdomo mpana na formalini (dawa ya kuhifadhi kinyama kisioze) ya asilimia 10, kiasi kinachozidi kinyama mara kumi hivi. Jina na namba ziwe kwenye chupa yenyewe. Vifuniko hubadilishana mezani. Kinyama kikiwekwa kwenye maji ya kawaida, seli hupasuka na kuoza. Na usikilaze kwenye barafu kama sangara: chembe za barafu huchana seli, na mtaalamu wa patholojia hatakuwa na cha kusoma. Funga vizuri, shika wima. Formalini inawasha macho.

Kidonda kikitoa damu nyumbani, kandamiza kwa kitambaa safi dakika kumi mfululizo, bila kufunuafunua kuchungulia. Damu isipokata, au homa na usaha vikija, rudini hospitali. Aliyekatwa kwenye mlango wa kizazi asiingize kitu ukeni wala kukutana na mwenzi wake mpaka muda aliopewa uishe.

Suala la pesa lisisubiri bili. Asiye na bima apitie kwa mtendaji wa kijiji au mtaa kuchukua barua, kisha aende ofisi ya ustawi wa jamii ya hospitali mapema.

Siku ya majibu, ingia naye kama ameridhia. Familia nyingi huomba, "Daktari, mama asiambiwe." Hatukubaliani na hilo: mwili ni wake, na asiyejua anaumwa nini hataona sababu ya kurudi kwa dripu ya pili ya dawa za saratani. Muulize kwanza, "Mama, ungependa kuelezwa yote, au tukuelezee kidogo kidogo?" Kama anasikia Kisukuma au Kikerewe tu, tafuta muuguzi wa kutafsiri. Usimbebeshe mjukuu habari ile.

Uliza aina ya saratani, hatua iliyofikia, na kipimo kinachofuata. Kwa saratani ya matiti, uliza kama vipokezi vya homoni na HER2 (protini inayoweza kuchochea saratani ikue) vimepimwa, maana dawa hutegemea hapo. Omba nakala ya ripoti. Mgonjwa akipewa rufaa ya Ocean Road, hospitali ya saratani ya Dar es Salaam, uliza kama slaidi (vioo vyenye kinyama kilichosomwa) na kipande cha nta kilichohifadhi kinyama vinahitajika huko, visije vikabaki Mwanza.

Ripoti ikisema kinyama hakikutosha, msishangilie. Maana yake ni kwamba bado haijajulikana, na huenda akakatwa tena. Msitoke getini kabla tarehe mpya haijaandikwa kwenye daftari.