Arobaini ikiisha, nani atabaki na mama?

Familia nyingi za Pwani hujiandaa vizuri kwa uzazi: kanga, maji ya moto ya kukanda, uji wa pilipili manga, bibi wa kukaa na mzazi mpaka arobaini. Shida ni kwamba sonona ya uzazi, yaani ugonjwa wa huzuni nzito baada ya kujifungua, inaweza kuanza wakati wowote ndani ya mwaka wa kwanza, hata bibi akiwa ameshapanda basi kurudi kwao. Basi mimba ikiwa bado ya miezi saba au minane, pangeni zamu za baada ya arobaini: nani atapika, nani atafua, nani atambeba mtoto alfajiri ili mama apate saa kadhaa za usingizi usiokatizwa. Baba awe wa kwanza kwenye zamu hizo, si mgeni anayeulizia chai.

Mkubaliane mapema pia dalili zipi si za kusubiri. Kulialia siku ya tatu au ya nne, kisha kutulia ndani ya wiki mbili, huwapata wazazi wengi. Huzuni ikipita hapo, au mama akikosa usingizi hata mtoto akiwa amelala, akajiona hafai, akakosa hamu na mtoto, apelekwe kituo cha afya. Akisikia sauti wasizosikia wengine, au akitaja kujidhuru au kumdhuru mtoto, asiachwe peke yake; ni hospitali usiku huohuo, kwa hiyo nauli ya bajaji iwe imewekwa kando. Dua asomewe, ila gari lisisubiri.

Aliyewahi kuugua sonona, au anayepigwa nyumbani, yuko kwenye hatari zaidi, na mkunga aambiwe tangu kliniki ya mimba. Hudhurio la wiki ya sita nalo huweza kuishia kwenye chanjo na mizani ya mtoto. Anayemsindikiza aulize habari za mama mwenyewe. Lipo dodoso la Edinburgh la kuchunguza dalili za sonona ya uzazi, la mwaka 1987, maswali 10, na limeshatafsiriwa kwa Kiswahili. Akiandikiwa dawa, asiziache kwa kuhofia maziwa bila kuongea na daktari. Zipo zinazotumika huku akinyonyesha.

Wageni nao wapewe msimamizi, shangazi mwenye mdomo kwa mfano. Anayekuja kusema “wenzio wanatafuta mtoto hawapati, wewe unalia nini?” akabidhiwe ndoo ya nepi akafue.