Funza hai kwa sato na kambale: pima kabla ya kumwaga

Mfugaji anayepunguza kilo moja ya chakula cha dukani na kuweka kilo moja ya funza hai anawapunja samaki wake. Karibu theluthi mbili ya uzito wa funza wa nzi askari mweusi (nzi anayefugwa kwa ajili ya funza wake) ni maji, hivyo kilo moja ina kama gramu 350 tu za chakula kikavu. Samaki hudumaa, lawama wakabebeshwa funza.

Piga hesabu hivi. Sato 500 wa gramu 100 kila mmoja wana jumla ya kilo 50. Kwa asilimia 3 ya uzito wao, wanahitaji kilo 1.5 za chakula kikavu kwa siku. Ukitaka funza wachukue nafasi ya robo ya hapo, hiyo ni gramu 375 kavu, sawa na funza hai kilo 1.1 hivi. Usivuke robo hiyo ovyo: funza wana mafuta mengi, na yakizidi huishia kujaa tumboni na kwenye ini la samaki.

Vuna funza wakiwa bado na rangi ya maziwa, wiki mbili hivi baada ya kuanguliwa. Wakishakuwa weusi wameacha kula na ngozi imekuwa ngumu. Waweke kwenye pumba kavu kwa saa 24 watoe uchafu tumboni, kisha wachekeche na kuwasuuza. Vifaranga wa sato wana midomo midogo, kwa hiyo wape funza wa siku 5 hadi 7 au wakubwa waliokatwakatwa. Kambale mkubwa humeza mzima bila taabu.

Lisha kuanzia saa 3 asubuhi, si alfajiri, maana usiku oksijeni hupungua bwawani. Ukiona samaki wanahema midomo juu ya maji, ahirisha kabisa. Mwaga kidogo kidogo mahali palepale, na acha mara kasi yao ya kula inapopungua. Funza waliobaki hufa, huoza na kuongeza amonia, ambayo ni sumu kwa samaki.

Funza wa chooni, dampo au kwenye mizoga wasiguswe kabisa. Hata wa kufugwa hutegemea walichokula: kadmiamu (metali yenye sumu) iliyo kwenye taka hujikusanya miilini mwao. Walishe mabaki ya jikoni, matunda na pumba. Ukishuku usafi wao, wachovye kwenye maji yanayochemka kwa dakika 2, wapoe, ndipo uwalishe.

Kila wiki mbili vua samaki 30, wapime, kisha urekebishe kiasi cha chakula.