Filamu ya kwanza ya mwanafunzi: piga picha ukimfikiria mhariri

Matatizo mengi yanayomtoa mhariri jasho huzaliwa siku ya kupiga picha. Shoti (kipande kinachorekodiwa mfululizo bila kusimamisha kamera) iliyokatwa mapema, sauti iliyojaa mwangwi, kikombe kilichohama mkono wa kulia kwenda wa kushoto: programu ya uhariri haina dawa ya hayo.

Anza na skripti fupi. Ukurasa mmoja huwa takriban dakika moja ya filamu, na kurasa 5 zatosha kabisa. Kabla ya kuchagua mahali, simama pale kimya dakika 2, saa ile ile utakayorekodi. Friji, feni na magari hayamo kwenye fremu, lakini maikrofoni inayasikia yote. Friji izimwe, na funguo zako ziwekwe ndani yake ili usiondoke bila kuiwasha tena.

Sauti ndiyo inayoziangusha filamu za wanafunzi kuliko kitu kingine chochote. Mtazamaji huvumilia picha yenye chengachenga, ila maneno yasiyosikika humfukuza. Maikrofoni ya kamera iko mbali mno na mdomo. Tumia ya fimbo, yaani inayoshikiliwa kwa mti mrefu, ikae sentimita 30 hadi 60 kutoka kwa msemaji, nje kidogo ya fremu. Ukiikosa, simu ya pili iliyofichwa karibu na mwigizaji inarekodi na ni afadhali sana. Kwenye mita ya sauti ya kifaa cha kurekodia, mazungumzo yafike karibu desibeli -12. Yakigonga 0 sauti hupasuka, na iliyopasuka haisafishiki vizuri. Mtu mmoja avae hedifoni muda wote, wala asipewe kazi nyingine. Kisha, kabla ya kuhama, wote wanyamaze mrekodi sekunde 30 za ukimya wa chumba hicho. Kila chumba kina mvumo wake. Bila kipande hicho, mhariri hana cha kuzibia mapengo na kila mkato utasikika.

Kwenye kamera, zima otomatiki: mwanga, fokasi na rangi visijibadilishe katikati ya shoti. Fremu 25 (picha tuli) kwa sekunde na shata (muda ambao kila picha inapokea mwanga) ya sekunde 1/50 hufaa penye umeme wa hezi 50. Penye hezi 60 tumia shata 1/60, la sivyo baadhi ya taa zitapepesa. Simu nyingi hubadilisha idadi ya fremu zenyewe, na ndiyo maana sauti iliyorekodiwa kando huachana na midomo taratibu. Tumia programu inayoifunga idadi hiyo, au geuza faili ziwe na fremu zisizobadilika kabla ya kuhariri.

Piga tukio zima kwa picha pana, halafu kila mwigizaji kwa karibu, halafu vitu vidogo: mikono, kitasa, barua. Hizi za mwisho hudharauliwa, nazo ndizo zinazomwokoa mhariri shoti mbili zinapokataa kuungana. Rekodi sekunde 5 kabla ya kitendo na 5 baada yake. Wawili wakiongea, kamera ibaki upande mmoja wa mstari unaowaunganisha. Ukiuvuka, wataonekana wanatazama upande mmoja badala ya kutazamana. Piga kofi moja mbele ya kamera kila unapoanza, ili sauti na picha zilinganishwe kirahisi. Mtu apige picha za meza, nguo na nywele kila shoti inapoisha, ili shoti inayofuata ifanane nayo.

Siku hiyo hiyo nakili kadi kwenye diski mbili, fungua faili uone kama zinacheza, ndipo uifute.

Katika kuhariri, linganisha sauti kwanza, kisha unga shoti bora bila muziki. Toleo hilo litakuwa refu na la kuchosha, ni kawaida. Punguza vichwa vya matukio: kubisha hodi, kuketi, salamu. Kata katikati ya mwendo, mtu anapoinuka au kugeuka, maana jicho hufuata mwendo. Acha sauti ya tukio linalofuata itangulie picha yake kwa nusu sekunde hivi. Mwonyeshe mtu asiyeijua hadithi, mwombe akusimulie alichoelewa, nawe usimsaidie. Anapopotea ndipo pa kurekebisha.

Picha ikishakamilika usiiguse tena. Hapo ndipo ifuate kazi ya sauti, muziki wenye ruhusa ya maandishi, na rangi. Toa faili, uitazame yote kwa spika ya simu na kwenye skrini kubwa kabla ya kuikabidhi.